Nani mwenye neno la mwisho juu ya maana ya sheria? Barua kutoka Utah

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu ya Kiswahili huligusa kwa mistari michache na kuliacha, nalo ni hukumu ambazo Mahakama ya Juu ya Marekani imekuwa ikizitoa tangu mwaka 2022 kuhusu ukomo wa madaraka ya serikali, pamoja na namna wabunge wahafidhina wa huku wanavyozielewa. Habari hizo zinapotufikia huwa zimekwisha kufupishwa kuwa "ushindi wa wahafidhina", na msomaji wa Kigoma au wa Kisumu huachwa adhani kwamba ni ugomvi wa vyama viwili vya ng'ambo usiomhusu. Naamini unamhusu. Naamini pia kwamba upo upande mmoja wa hoja ya wahafidhina ambao unastahili kutetewa hata na mtu kama mimi, ambaye katika mambo mengi sikubaliani nao.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, na kwa miaka kadhaa sasa naishi Salt Lake City, katika jimbo la Utah, nikifanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili. Wengi ninaowatafsiria ni Wakongo na Warundi, na si wachache miongoni mwao waliopita katika kambi ya Nyarugusu, mwendo mfupi kutoka nilikozaliwa. Wako waliofika wakiwa wamekwisha kukubaliwa kama wakimbizi, na wako wanaoomba hifadhi wakiwa huku huku. Mkalimani huapa kabla ya kufungua kinywa kwamba hataongeza wala kupunguza neno, na kiapo hicho hicho kinanizuia kusimulia hapa kesi ya mtu yeyote. Lakini hakinizuii kusema nilichojifunza kwa kukaa miaka yote hiyo kati ya mtu na sheria, kwamba mara nyingi maisha ya mtu hutegemea maana ya maneno mawili matatu yaliyoandikwa na Bunge zamani, na kwamba swali kubwa kuliko maneno yenyewe ni nani aliyepewa mamlaka ya kusema yana maana gani.

Mmoja wa maseneta wawili wa jimbo letu ni Mike Lee wa chama cha Republican, aliyechaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Ni mwanasheria, na katika ujana wake alimtumikia kama msaidizi wa kisheria Samuel Alito, ambaye leo ni mmoja wa majaji tisa wa Mahakama ya Juu. Hoja yake, ambayo ameirudia kwa miaka mingi, ni kwamba ibara ya kwanza ya Katiba ya Marekani imelikabidhi Bunge peke yake kazi ya kutunga sheria, lakini Bunge limejizoesha kupitisha sheria zenye maneno mapana na kuziachia idara za serikali zijaze mambo yenyewe kwa njia ya kanuni, ili makosa yakitokea wabunge waweze kuilaumu idara na mazuri yakitokea wajisifu wao. Ofisini kwake aliweka mirundo miwili ya karatasi ili mgeni aone kwa macho. Wa kwanza, wa inchi chache tu, ulikuwa wa sheria zote ambazo Bunge lilipitisha mwaka 2013. Wa pili, wenye urefu wa futi 11 na kurasa zipatazo 80,000, ulikuwa wa kanuni zilizopendekezwa na kutolewa na idara za serikali katika mwaka huo huo, kama zilivyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali.

Mimi sipimi uonevu kwa urefu wa karatasi, kwa sababu sehemu kubwa ya gazeti hilo la serikali ni matangazo, maelezo ya sababu na majibu kwa maoni ya wananchi, mambo ambayo serikali nyingi hazijisumbui kuyachapisha. Hata hivyo mirundo hiyo inauliza swali la haki. Mwananchi anapotakiwa kutii, je, aliyeandika amri anayotii ni mtu aliyemchagua?

Ili msomaji aelewe kilichobadilika, hana budi kurudi mwaka 1984. Mwaka huo Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya mafuta ya Chevron dhidi ya watetezi wa mazingira. Sheria ya hewa safi ilikuwa inataka kibali kwa kila "chanzo" kipya cha uchafuzi, na serikali ya Rais Ronald Reagan ilikuwa imelisoma neno hilo kwa namna ambayo kiwanda kizima, na bomba zake zote za moshi, kinahesabiwa kuwa chanzo kimoja. Majaji walisema kwamba pale ambapo sheria iko kimya au haieleweki wazi, hakimu akubali tafsiri ya idara husika maadamu ni tafsiri inayoingia akilini, hata kama yeye mwenyewe angeisoma vingine. Msimamo huo ulidumu miaka 40, na mahakama za shirikisho ziliutaja katika kesi zaidi ya 18,000.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo, kwa sababu historia hii husimuliwa vibaya. Walioshinda mwaka 1984 walikuwa kampuni ya mafuta na serikali ya kihafidhina, na walioshindwa walikuwa watetezi wa mazingira. Mamlaka ya kulinda mazingira, EPA, iliposoma hivyo neno "chanzo" mwaka 1981, iliongozwa na Anne Gorsuch, mama yake Neil Gorsuch, jaji ambaye baadaye alikuwa mstari wa mbele kuupinga msimamo huo. Ofisi iliyoitetea serikali mbele ya majaji iliongozwa na Rex Lee, baba yake seneta wetu. Jaji Antonin Scalia, ambaye wahafidhina wanamheshimu kama mwalimu wao, aliutetea msimamo huo hadharani mwaka 1989. Wakati ule wahafidhina walikuwa na Ikulu, na walichoogopa ni majaji. Baadaye Ikulu ilipokwenda kwa wapinzani wao na mahakama zikajaa majaji waliowateua wao, hofu ikahama. Sisemi haya ili kumfedhehesha mtu, kwani mtoto ana haki ya kuona pale ambapo mzazi hakuona. Nayasema kwa sababu yanatufundisha kuipima kanuni ya madaraka kwa kuuliza itakuwaje siku itakapokuwa mkononi mwa tusiyempenda.

Msimamo wa mwaka 1984 uliondolewa tarehe 28 Juni 2024 katika kesi ya Loper Bright. Waliofungua kesi walikuwa wavuvi wa samaki aina ya heringi wa New Jersey, na kesi yao ikaamuliwa pamoja na ya wenzao wa Rhode Island. Sheria ya uvuvi ya mwaka 1976 inaruhusu serikali kuwapandisha waangalizi katika vyombo vya uvuvi ili kuhesabu kinachovuliwa, lakini haisemi wazi kwamba wavuvi hao ndio watakaowalipa. Idara ikaamua kwamba watawalipa, na gharama ilikadiriwa kufika dola 710 kwa siku. Jaji Mkuu John Roberts, akiandika kwa niaba ya majaji sita, alisema kwamba sheria ya mwaka 1946 inayosimamia uendeshaji wa idara za serikali inaiamuru mahakama yenyewe iamue maswali yote ya sheria, na kwamba sheria kuwa na utata si sababu ya hakimu kuikabidhi kalamu kwa upande mmoja wa kesi. Bunge bado linaweza kuipa idara nafasi ya kuamua mambo, ila liseme hivyo. Na hakimu bado anaweza kuwasikiliza wataalamu na kushawishika na hoja zao, ila asilazimike. Hukumu za zamani zilizofuata msimamo wa Chevron hazikufutwa.

Sasa niseme kwa nini mkalimani wa wakimbizi anaiunga mkono hoja hii ya wahafidhina. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1980 inampa hifadhi mtu anayeteswa kwa sababu ya asili yake, dini yake, uraia wake, msimamo wake wa kisiasa, au kwa kuwa mmoja wa "kundi fulani la kijamii". Maneno hayo ya mwisho hayajabadilishwa na Bunge hata herufi moja tangu yaandikwe. Lakini mwaka 2018 Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Jeff Sessions, aliichukua kesi moja mkononi mwake na kuamua kwamba kwa kawaida wanawake wanaokimbia kipigo cha waume zao hawataingia katika kundi la namna hiyo. Mwaka 2021 Merrick Garland, aliyekuja na serikali nyingine, akaufuta uamuzi huo. Mwanamke aliyesikilizwa mwaka 2019 na mwanamke aliyesikilizwa mwishoni mwa mwaka 2021 walikuwa chini ya sheria ile ile, na huenda walikimbia mambo yale yale, lakini neno moja lilikuwa na maana mbili kwa sababu tu uchaguzi ulipita katikati. Mimi ninayetakiwa kulitafsiri neno hilo sawasawa kwa kila mtu niliona wazi kwamba waliokuwa juu yangu hawakufungwa na kiapo kama changu.

Wasomaji wengi wa nyumbani hawajui pia kwamba mahakimu wa uhamiaji wa Marekani si sehemu ya mhimili wa mahakama. Ni waajiriwa wa Wizara ya Sheria, na waziri wao ndiye huyo Mwanasheria Mkuu. Mtu anayeshindwa mbele yao na mbele ya bodi yao ya rufaa ndipo hufika mbele ya majaji wa kweli, ambao katika ukanda wetu makao yao yako Denver. Kwa miaka 40 majaji hao walitakiwa, kila neno la sheria lilipokuwa na utata, waikubali tafsiri ya bodi ile ile iliyomkatalia mwombaji. Na haikuwa bahati tu kwamba Neil Gorsuch, alipokuwa bado jaji wa rufaa huko Denver mwaka 2016, aliandika shambulio lake kali kuliko yote dhidi ya msimamo wa Chevron katika kesi ya mhamiaji, mtu aliyeitegemea sheria kama mahakama ilivyoisoma, kisha bodi ikaisoma vingine na kutaka tafsiri mpya imguse hata kwa mambo aliyokwisha kuyafanya. Ninapowasikia wenzangu wanaotetea wahamiaji wakisema kwamba hukumu ya Loper Bright ni zawadi kwa matajiri peke yao, huwa nawaomba waisome kesi hiyo.

Siku moja kabla ya hukumu ya wavuvi, tarehe 27 Juni 2024, majaji wale wale sita waliamua kesi ya George Jarkesy, msimamizi wa mifuko ya uwekezaji aliyetozwa faini ya dola 300,000 na tume inayosimamia soko la hisa. Tume ilimshtaki, tume ikamsikiliza kupitia hakimu wake yenyewe, na rufaa ya ndani ikaenda kwa tume hiyo hiyo. Wahenga wetu waliikataa zamani kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani, na majaji walisema kwa lugha yao jambo la namna hiyo, kwamba serikali inapodai faini kwa kosa la udanganyifu, mshtakiwa ana haki ya kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, kama Katiba inavyotaka. Seneta wangu na wenzake waliifurahia hukumu hiyo, nami sioni kosa katika kuifurahia. Kinachoniuma ni kwamba mambo ya uhamiaji yalitajwa humo humo kuwa miongoni mwa yale ambayo desturi imeyaachia serikali kuyaamua bila ya baraza hilo. Msimamizi wa mifuko ya uwekezaji amepata haki ya kutosikilizwa na mwajiriwa wa mshtaki wake. Mama mwenye watoto watatu anayeomba asirudishwe Kivu Kusini bado anasikilizwa na mwajiriwa wa serikali ile ile ambayo mwanasheria wake amesimama upande wa pili akitaka arudishwe. Kama kanuni ni njema kwa ajili ya fedha, ni njema zaidi kwa ajili ya uhai, na ningependa kumsikia mbunge mhafidhina akilisema hilo kwa sauti ile ile anayoitumia kuwatetea wenye mifuko ya uwekezaji.

Wanaopinga hukumu hizi wana hoja nzito, nami sitaipita juu juu. Jaji Elena Kagan, aliyeandika kwa niaba ya majaji watatu waliobaki katika kesi ya wavuvi, alionya kwamba mahakama imejitwalia mamlaka juu ya kila swali lililoachwa wazi, hata yale ya kisayansi. Aliuliza kwa mfano ni lini mnyororo wa kemikali unastahili kuitwa protini, na ni lini kundi la kuchakuro limetofautiana vya kutosha na wenzake hata listahili ulinzi wa peke yake, mambo ambayo mtu aliyesomea sheria hana ujuzi nayo. Onyo hilo halikukosa mfano ulio hai. Siku ile ile ya hukumu ya Jarkesy, katika kesi nyingine kuhusu moshi wa viwanda unaovuka mipaka ya majimbo, hukumu iliyoandikwa na Jaji Gorsuch ilitolewa ikiwa imeichanganya mara kadhaa gesi inayochafua hewa na gesi nyingine ambayo waganga wa meno huitumia kumtuliza mgonjwa, na ikabidi isahihishwe. Kosa la kalamu linaweza kumpata yeyote. Lakini linaonyesha kwamba kalamu iliyotolewa mikononi mwa mtaalamu haikutua mikononi mwa mwenye ujuzi zaidi. Siku tatu baada ya hukumu ya wavuvi, katika kesi ya kituo cha malori cha North Dakota kilichofunguliwa mwaka 2018, majaji wakaamua pia kwamba muda wa miaka sita wa kupinga kanuni unaanza kuhesabiwa siku mlalamikaji alipoumia, si siku kanuni ilipotoka, hivyo kituo hicho kikaweza kupinga kanuni ya ada za kadi za benki ya mwaka 2011. Kwa hukumu hiyo, kanuni ya zamani kiasi chochote inaweza kufikishwa mahakamani na biashara iliyozaliwa jana. Hapo mimi naona wamezidisha, kwa sababu hata anayeichukia kanuni anahitaji kujua kwamba iko siku mjadala wake utakwisha.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, si sahihi kuandika kwamba hukumu hizi "zimepunguza madaraka ya serikali", kana kwamba madaraka yamemwagwa baharini. Yamehama kutoka idara hadi mahakama. Na kwa kumtendea haki, seneta wetu hajawahi kusema kwamba anataka yaishie mahakamani; lengo lake, kwa maneno yake, ni yarudi Bungeni. Ndiyo sababu nilimheshimu alipoanzisha mwaka 2016 mpango wa wabunge wa kulirudishia Bunge nguvu zake, na alipoungana na Bernie Sanders, mtu wa mrengo ulio mbali kabisa na wake, kutaka Marekani iache kuiunga mkono vita ya Yemen bila idhini ya Bunge. Nilimheshimu zaidi tarehe 14 Machi 2019, alipokuwa mmoja wa maseneta 12 wa chama chake waliopiga kura kuipinga amri ya hali ya dharura ya Rais Donald Trump, rais wa chama chake mwenyewe, ili fedha za ukuta wa mpakani zisipatikane kwa kulizunguka Bunge. Mwezi huo huo alipeleka muswada wa kuzifanya dharura zote za rais zikome baada ya siku 30 isipokuwa Bunge likizikubali. Miaka miwili nyuma yake, Januari 2017, alikuwa amepeleka mwingine uliotaka ushuru wa forodha unaopandishwa na rais upate kwanza kibali cha Bunge.

Huo muswada wa ushuru ndio unaonifanya niandike barua hii. Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Trump, akitumia sheria ya dharura za kiuchumi ya mwaka 1977, alitangaza ushuru juu ya bidhaa za karibu dunia nzima. Kenya na Tanzania zikatozwa asilimia 10, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo asilimia 11. Msomaji wenu anayejua viwanda vya nguo vya Athi River anajua pia kwamba nguo zile zilikuwa zikiingia Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA, ambayo Bunge la Marekani lenyewe liliitunga mwaka 2000. Neno la Bunge lilikuwa kwamba nguo hizo zisitozwe, na amri ya mtu mmoja ikazitoza, ikiegemea sheria ambayo ndani yake neno ushuru halimo. Mahakama ya biashara ya kimataifa iliyoko New York ilisema mwezi Mei mwaka huo kwamba rais hakuwa na mamlaka hayo, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo mwezi Agosti kwa kura 7 dhidi ya 4. Hoja walizozitumia zilikuwa za wahafidhina wenyewe, zile zile zilizoizuia EPA mwaka 2022 kuvigeuza vituo vya umeme viache makaa ya mawe na zilizomzuia Rais Joe Biden mwaka 2023 kufuta madeni ya wanafunzi ya dola bilioni 430: kwamba jambo kubwa la kitaifa halifichwi katika neno dogo la sheria, na kwamba Bunge likitaka kutoa madaraka makubwa litayatoa waziwazi.

Jioni ile ile ya tarehe 2 Aprili, Seneti ilipigia kura azimio la kuiondoa dharura iliyotumika kuitoza Kanada ushuru. Lilipita kwa kura 51 dhidi ya 48, na Warepublican wanne tu waliliunga mkono: Susan Collins, Mitch McConnell, Lisa Murkowski na Rand Paul. Seneta wangu, aliyekuwa ameandika miaka minane kabla kwamba ushuru ni wa Bunge, hakuwa miongoni mwao. Na mwezi uliotangulia, mahakimu wa shirikisho walipokuwa wakizisimamisha amri kadhaa za rais, alipeleka muswada wa kutaka kesi za namna hiyo ziondolewe mikononi mwa hakimu mmoja na kupelekwa mbele ya jopo la majaji watatu, huku akiwaita mahakimu hao waasi katika jina la muswada wenyewe. Inawezekana kabisa kwamba jopo la watatu ni utaratibu bora. Mahakama ya Juu yenyewe iliamua mwezi Juni mwaka huo kwamba hakimu mmoja asitoe zuio linalozidi kile ambacho walalamikaji walio mbele yake wanakihitaji. Lakini hakimu anayemwambia afisa wa EPA "soma sheria kama ilivyoandikwa" na hakimu anayemwambia hivyo rais wanafanya kazi moja. Siwezi kumshangilia wa kwanza na kumwita wa pili mwasi, na sielewi anayeweza.

Sisi wenyewe nyumbani hatuko mbali na jambo hili. Ibara ya 97(5) ya Katiba ya Tanzania inaliruhusu Bunge kumpa mtu au idara ya serikali uwezo wa kutunga kanuni zenye nguvu ya sheria, na waliokuwa na blogu mwaka 2018 wanakumbuka jinsi kanuni za maudhui ya mtandaoni zilivyowataka walipie leseni ili waendelee kuandika. Kanuni hizo zilitoka kwa waziri. Tunayo Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Sheria Ndogo, ambayo kazi yake ni kupitia mambo ya namna hiyo, lakini ni nadra nisome katika gazeti lolote la Kiswahili taarifa ya kina ya kilichojadiliwa humo. Wakenya walikwenda mbele zaidi: ibara ya 94 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inasema kwamba hakuna mwingine mwenye uwezo wa kutunga lenye nguvu ya sheria isipokuwa kwa mamlaka ya Katiba hiyo au ya sheria, na kwamba sheria inayotoa uwezo huo lazima itaje lengo lake, mipaka yake, na kanuni zitakazofuatwa. Kile ambacho majaji wa Marekani walikitafuta kwa miaka 40 katikati ya hukumu, Wakenya walikiandika katika Katiba kwa mistari michache. Ningefurahi kuona waandishi wenu wakilinganisha mambo haya, badala ya kuileta habari ya Washington kama matokeo ya mpira.

Maombi yangu kwenu ni mawili. Mnapoandika juu ya hukumu ya aina hii, mwelezeni msomaji madaraka yametoka kwa nani na yamekwenda kwa nani, na mtaje ni nani aliyekuwa akinufaika na kanuni hiyo hiyo miaka iliyotangulia. Pili, mnapomnukuu mbunge wa Marekani akisifu mahakama kwa kuizuia serikali, tafuteni pia kura alizopiga siku ambazo serikali hiyo ilikuwa ya chama chake. Kura za Seneti huwekwa wazi, jina kwa jina.

Mimi nimekwisha kumwandikia seneta barua kwa Kiingereza, kama mkazi wa jimbo lake. Nimemshukuru kwa kura yake ya mwaka 2019 na kwa msimamo wake juu ya maana ya sheria, ambao naamini umewasaidia hata watu wasioweza kumpigia kura. Kisha nimemuuliza kama muswada wake wa ushuru wa mwaka 2017 bado ni wake, na kama utakapofika siku moja mbele ya Seneti, rais akiwa wa chama chochote, ataupigia kura ya ndiyo. Akinijibu, nitaitafsiri barua yake neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, na kuileta kwenu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mkalimani wa Kiswahili
Salt Lake City, Utah